Kubili vifaa vya plasta ya mguu wa mtoto Marekani: mwongozo kamili, toka noti ya daktari mpaka hela iingie

Hii naiandikia watu wa aina tatu. Kuna nyie mnaosoma bili za hospitali huku Marekani mkijiandaa na mtihani, kuna nyie mko Nairobi mnafanya hii kazi kwa mtandao usiku kucha kwa ajili ya kliniki za huku, na kuna wazazi ambao mtoto kavunjika mguu, kafungwa hogo, alafu mwezi mmoja baadae bili inafika nyumbani na hujui hata mstari mmoja una maana gani. Nimeshika bili za kliniki za mifupa kwa muda mrefu sasa, na ukiniuliza kosa gani linarudi kuliko yote kwa watoto, sitakwambia upasuaji wala eksirei, ni vifaa vya plasta. Mstari wenyewe ni wa hela ndogo kwahiyo watu wanaupita haraka, kumbe ndio unaokataliwa, alafu kliniki ikikosa kulipwa kuna mtu ofisini anabonyeza kitufe bili inamwendea mama wa mtoto. Hiyo kitu inaniuma sana, manake mara nyingi yule mama hadaiwi hata senti.

Jambo kubwa la kushika ni hili: kufunga plasta na vifaa vya plasta ni vitu viwili. Kufunga ni kazi ya mikono, ina namba za CPT, yaani orodha ya namba za kazi za daktari. Vifaa, yaani zile rola, pamba ya ndani, ile soksi inayovalishwa kwanza, vina namba zake zinazoanza na Q, ziko kwenye orodha nyingine inayoitwa HCPCS. Kuna siku kazi ya kufunga hulipwi kwasababu imeshamezwa na huduma kubwa, lakini vifaa bado unalipwa. Ukishaelewa hapo umeelewa nusu ya kazi yote.

Anza na noti ya daktari, sio na kompyuta

Usifungue programu ya bili kabla hujasoma noti. Kuna mambo manne unayatafuta na yote manne lazima yawepo kwa maandishi: mtoto ana umri gani siku ile, plasta inaanzia wapi inaishia wapi, imetengenezwa na nini, na ni mguu upi. Noti ikisema tu "amefungwa plasta ya mguu" rudi kwa daktari umuulize, aongeze mwenyewe kwenye rekodi, usikisie. Najua madaktari wako bize na wengine wanakasirika ukiwaandikia, ila muulize kwa adabu na kwa swali fupi, "daktari, hii ilipita goti au haikupita?", atakujibu kwa neno moja na wewe utakuwa umeokoa kleimu, yaani dai linalotumwa kwa bima.

Umri ndio una mtego. Namba za Q za mtoto ni za kuanzia miaka 0 mpaka 10. Mtoto akifika 11 anahesabiwa mtu mzima hata kama ni kadogo kama kidole. Na kinachoangaliwa ni umri wa siku plasta ilipofungwa, sio siku unayotuma kleimu wala siku alipovunjika. Kwahiyo mtoto anaweza kufungwa plasta ya kwanza akiwa na miaka 10, wiki tatu baadae anabadilishiwa akiwa ametimiza 11, plasta ya kwanza inakwenda na namba ya mtoto na ya pili inakwenda na namba ya mtu mzima, mguu uleule, mvunjiko uleule. Ukikosea hapo bima inarudisha na sababu CO-6, maana yake huduma hailingani na umri.

Na hapa niwaambie kitu ambacho vitabu vya mtihani havitawaambia. Ndugu zetu wengi waliokuja huku kama wakimbizi, Wakongo, Wasomali, Warundi, waliandikiwa tarehe ya kuzaliwa 1 Januari kwasababu karatasi hazikuwepo. Sasa mama akija kliniki na kuulizwa mtoto kazaliwa lini, anataja tarehe ya kweli anayoijua yeye, mapokezi wanaandika hiyo, wakati kadi ya bima ina 1 Januari. Kleimu inakataliwa kabla hata haijasomwa kwasababu mtoto "hapatikani". Vilevile majina, sisi tuna majina matatu manne na mpangilio unabadilika kila ofisi. Wewe unayebili tumia jina na tarehe kama zilivyo kwenye bima, herufi kwa herufi, na wewe mzazi toa kadi ya bima kwanza useme "andika kama hapa". Ukitaka kusahihisha tarehe yenyewe, hiyo ni safari nyingine ya ofisi ya uhamiaji na ofisi ya Medicaid, ile bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, usiianzie kwenye dirisha la kliniki mtoto akiwa analia.

Sasa chagua namba

Kwa mguu wa mtoto, 0 mpaka 10, namba ni hizi, ya kwanza kila mara ni ya plasta ya kawaida ya chokaa na ya pili ni ya faibaglasi.

Plasta ndefu, toka pajani mpaka vidoleni: Q4031 na Q4032.
Plasta ya bomba, toka pajani mpaka kwenye kifundo, unyayo uko nje: Q4035 na Q4036.
Plasta fupi, chini ya goti mpaka vidoleni: Q4039 na Q4040.
Plasta ya nyonga, mguu mmoja au yote miwili: Q4027 na Q4028.
Splinti ndefu, lile gango la nusu lisilozunguka mguu mzima: Q4043 na Q4044.
Splinti fupi: Q4047 na Q4048.

Ukiwa na mtoto wa miaka 11 na kuendelea namba zinarudi nyuma kidogo, ndefu Q4029 na Q4030, bomba Q4033 na Q4034, fupi Q4037 na Q4038. Kama plasta haifanani na chochote kwenye orodha kuna Q4050, lakini hiyo utaombwa maelezo na mara nyingi risiti ya vifaa, usiitumie kwa uvivu.

Idadi ni moja kwa kila plasta. Moja. Namba ya Q imebeba vifaa vyote vya plasta ile, rola zote, pamba, soksi. Mimi nilipoanza, kliniki niliyokuwepo walinifundisha kuhesabu rola, rola tatu naandika 3, na kleimu zikalipwa hivyo kwa miezi, mpaka bima ikakagua ikataka hela yake yote irudi na tukashinda wiki mbili tunafungua rekodi moja moja. Kulipwa hakumaanishi uko sahihi. Ukiona 3 kwenye kisanduku cha 24G, kile cha idadi kwenye fomu ya kleimu, kwa plasta ya mguu mmoja, simama.

Kuna bima, hasa baadhi ya Medicaid za majimbo, ambazo hazitaki Q, wanataka A4580 kwa plasta ya kawaida na A4590 kwa faibaglasi. Angalia mwongozo wa bima husika kabla, na usitume A na Q kwa plasta moja, hiyo ni kudai mara mbili. Na lile buti la kutembelea linalotoka dukani likiwa limeshatengenezwa sio plasta, lina namba zake za L, usilichanganye humu.

Jiulize vifaa ni vya nani

Hili ndilo swali linalosahaulika kuliko yote. Anayedai vifaa ni yule aliyevinunua. Daktari akimfunga mtoto kwenye ofisi yake mwenyewe, namba ya mahali pa huduma kwenye kleimu ni 11, vifaa ni vyake, dai Q. Daktari akimfunga imajensi ya hospitali, mahali ni 23, au kliniki inayomilikiwa na hospitali, 19 au 22, vifaa ni vya hospitali na vitaenda kwenye bili ya hospitali, fomu ya UB-04, daktari anadai kazi yake tu. Ndio maana mzazi anapata bili mbili kwa tukio moja, ya hospitali na ya daktari, na hiyo peke yake sio wizi. Wizi au kosa ni pale vifaa vinapotokea kwenye bili zote mbili. Wazazi, ombeni bili yenye mchanganuo, mstari kwa mstari na namba zake, alafu tafuteni hiyo Q, ikiwa mara mbili kwa siku moja na mguu mmoja piga simu.

Kazi ya kufunga: inalipwa au imemezwa?

Mtoto akivunjika mfupa daktari ana njia mbili za kudai. Ya kwanza ni kudai matibabu ya mfupa kwa ujumla, mfano 27750, kutibu mfupa wa muundi bila kuupinda wala kuurudisha, au 27752 kama ameurudisha kwa mikono. Hizi zina kipindi cha siku 90, ndani yake ziara za kufuatilia hazilipwi tena, na plasta ya kwanza, yaani ile kazi ya kuifunga, imo ndani. Usiandike 29345 au 29405, zile namba za kufunga plasta ndefu na fupi, siku hiyo, itarudi na CO-97, maana yake imeshalipwa ndani ya huduma nyingine. Lakini vifaa, Q, unaviandika. Watu wengi wanaona kazi ya kufunga haidaiwi wanafikiri basi hata vifaa havidaiwi, wanaiachia bima hela ya bure mwaka mzima.

Njia ya pili ni kudai kipande kwa kipande: ziara ya siku hiyo na modifaya 25 (modifaya ni namba au herufi mbili za nyongeza zinazofafanua mstari, hii inasema ziara ni kazi tofauti na kufunga), kazi ya kufunga plasta, na vifaa. Alafu kila ziara inayofuata inadaiwa peke yake. Hii inatumika sana pale daktari hana uhakika kama atamfuatilia mtoto mpaka mwisho, mfano familia iko safarini. Njia ipi bora? Mimi naangalia pia mzazi, manake kwa familia yenye didaktibo kubwa, yaani hela unayolipa mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa, ile ya kwanza inamgonga kwa mkupuo mmoja bili kubwa, na watu wengi wanashtuka kuona neno la upasuaji kwenye karatasi wakati mtoto hajapasuliwa hata kidogo. Hiyo ni kwasababu namba hizi za mifupa zimepangwa kwenye sura ya upasuaji. Mwelezeni mzazi mapema, dakika mbili tu, simu kumi za hasira hazitakuja.

Namba za kufunga mnazozihitaji kwa mguu: 29345 ndefu, 29355 ndefu ya kutembelea, 29365 bomba, 29405 fupi, 29425 fupi ya kutembelea, 29505 splinti ndefu, 29515 splinti fupi. Angalia kwamba kwenye kufunga kuna tofauti ya kutembelea na kutokutembelea, ila kwenye vifaa hakuna, Q4040 ni ileile.

Mfano kamili

Mtoto wa kike miaka 6, kaanguka kitandani, muundi wa kulia umevunjika kwa mzunguko lakini mfupa haujahama. Wamekuja ofisini mara ya kwanza, daktari kaamua kutibu kwa ujumla, kamfunga plasta ndefu ya faibaglasi.

Ugonjwa unaandika S82.244A, na sababu ya kuanguka W06.XXXA. Mistari ni ziara ya mgonjwa mpya na modifaya 57, ambayo inasema ziara hii ndio uamuzi wa matibabu makubwa ulifanyika, 27750 na RT, yaani upande wa kulia, eksirei 73590 na RT, alafu Q4032 na RT, idadi 1. Hakuna 29345. Kwenye kisanduku cha 10 weka ndio kwenye ajali nyingine, kisanduku cha 14 tarehe aliyoanguka.

Wiki kadhaa mbele anarudi, mfupa unaunga vizuri, plasta ndefu inatolewa anafungwa fupi ya kutembelea. Ziara yenyewe imo ndani ya siku 90. Kutoa plasta usikudai, kwasababu nyie ndio mlioifunga, 29705 ni ya plasta iliyofungwa na watu wengine. Ila plasta ya kubadilisha sio ya kwanza, kwahiyo unadai 29425 na modifaya 58, ya kazi inayofuatia ndani ya zile siku 90, na RT, na vifaa Q4040 na RT. Eksirei kama imepigwa. Na ugonjwa sasa ni S82.244D.

Hiyo herufi ya mwisho inachanganya watu. A haimaanishi ziara ya kwanza, inamaanisha mgonjwa bado yuko kwenye matibabu yenyewe. Mtoto aliyepita imajensi jana akafungwa splinti, leo kaja kwa daktari wa mifupa kutibiwa, bado ni A. D ni pale matibabu yameshafanyika na sasa mnafuatilia kupona kunakoenda vizuri. Kukichelewa kuunga ni G.

Watoto wa miguu iliyopinda

Hapa nakaa kidogo kwasababu familia hizi zinateseka sana na karatasi. Mtoto aliyezaliwa na mguu uliopinda ndani anatibiwa kwa njia ya Ponseti, kila wiki mguu unanyooshwa kidogo kidogo na kufungwa plasta ndefu mpya, kwa kawaida plasta tano mpaka saba hivi, alafu wengi wanakatwa kano ya kisigino na kubaki na plasta ya mwisho wiki tatu. Namba ya kufunga ni 29450, ndani yake kuna kule kunyoosha, na vifaa mara nyingi ni Q4031 kwasababu wanapenda plasta ya chokaa inayojiumba vizuri. Ugonjwa Q66.01 wa kulia, Q66.02 wa kushoto. Usichanganye hizo Q, hii ya ugonjwa na ile ya vifaa ni vitabu viwili tofauti.

Miguu yote miwili ikiwa imepinda, vifaa ni plasta mbili. Bima nyingine zinataka 29450 mstari mmoja na modifaya 50, ya pande zote mbili, nyingine mistari miwili LT (kushoto) na RT, ulizeni kabla ya wiki ya kwanza manake mkikosea mnakosea mara saba. Na msitume kila wiki bila kutofautisha, itarudi CO-18 kwamba ni marudio, hakikisheni tarehe ni sahihi na noti ya wiki ile ipo.

Alafu bima ya mtoto mchanga. Plasta zinaanza wiki za mwanzo za maisha, wakati mtoto hata hajawekwa kwenye bima. Kwa bima ya kazini mzazi ana angalau siku 30 tangu kuzaliwa kumwandikisha na bima inarudi nyuma mpaka siku ya kuzaliwa, siku zikipita anaweza kusubiri mpaka msimu wa kujiandikisha. Mama aliyekuwa kwenye Medicaid wakati wa kujifungua, mtoto anahesabiwa anastahili mpaka atimize mwaka. Mwambieni mzazi siku ya kwanza, kabla hata ya kumvua soksi mtoto. Kuna mama alinishika mkono akalia kwasababu hakuna aliyemwambia, ilikuwa siku ya 27, tukakimbia na fomu siku hiyohiyo.

Ikirudi imekataliwa

Usitume tena ileile kwa hasira. Soma sababu. CO-6 ni umri, angalia tarehe ya kuzaliwa na namba. CO-4 ni modifaya, mara nyingi umesahau RT au LT au 58. CO-97 kwenye kufunga plasta ya kwanza ni halali, iache, lakini CO-97 kwenye Q wakati mahali ni 11 inafaa kupiganiwa, tuma noti na barua fupi inayosema vifaa havimo ndani ya matibabu ya mfupa. CO-22 wanahisi kuna bima nyingine. CO-29 umechelewa, na hapo mzazi hana kosa, msimtumie bili. Kama umekosea mwenyewe tuma ya kusahihisha, kisanduku cha 22 weka 7 na namba ya kleimu ya mwanzo, sio kleimu mpya.

Kuna pia kukwama bila kukataliwa. Mtoto akivunjika, bima inatuma barua nyumbani ikiuliza ajali ilitokeaje, kuna gari lilihusika, kuna mtu mwingine wa kulipa? Barua iko kwa kiingereza kigumu, wazazi wetu wanadhani ni tangazo wanaitupa, na kleimu zote zinalala. Ukiona kleimu ya mfupa imekaa zaidi ya mwezi mpigie mzazi, muulize kwa Kiswahili kama ameona barua ya bima, msaidie aijibu kwa simu. Dakika kumi. Nyie mlio Nairobi mna faida kubwa hapa kwa wagonjwa wanaoongea lugha yetu, lakini tafadhali msitumiane picha za barua au kadi za wagonjwa kwa WhatsApp, sheria ya usiri ya huku ni kali na ni haki ya mtoto yule.

Kwa mzazi mwenye karatasi mkononi sasa hivi

Angalia kama ni bili kweli au ni maelezo ya bima, yale huwa yameandikwa "This is not a bill", yaani hii sio bili. Kwenye maelezo tafuta herufi kabla ya namba ya sababu: CO maana yake kliniki ndio inabeba, haitakiwi kukudai wewe, PR maana yake ni sehemu yako, PR-1 didaktibo, PR-2 asilimia yako, PR-3 kopei, ile hela maalum unayolipa kila ziara. Ukiwa na Medicaid na kliniki inapokea Medicaid, wamekubali malipo ya Medicaid kuwa ndio malipo yote, salio la plasta hawatakiwi kukudai wewe. Ile pamba isiyoingia maji ya kuogea nayo, bima nyingi haziongezi hela, kama kliniki inataka ulipe wanatakiwa wakwambie bei kabla na usaini, na unaweza kukataa, mtoto atapona vizuri tu na plasta ya kawaida na mfuko wa plastiki wakati wa kuoga.

Ukipiga simu usianze na "bili yangu ni kubwa". Sema: "Naomba mniangalizie mstari wa Q4032 wa tarehe fulani, bima imeandika CO-97, kwanini umehamishiwa kwangu?" Andika jina la uliyeongea nae, tarehe, na namba ya kumbukumbu ya simu ile. Na omba mkalimani wa Kiswahili, ni bure kwako kwenye hospitali zinazopokea hela za serikali, usimtumie mtoto wako wa darasa la tano kutafsiri hela za mguu wa mdogo wake.